Mjane, Binti na Shamba la Ukoo: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua tulizopokea kutoka Mwanza na mikoa jirani zinafanana kwa namna moja: kila mwandishi amesikia kwamba mahakama imetoa uamuzi unaomlinda, lakini nyumbani kwake, mbele ya wazee wa ukoo au ofisi ya kata, uamuzi huo haujaonekana. Nimechagua barua nne. Nimeanza na iliyo ngumu zaidi, na hiyo ndiyo iliyochukua nafasi kubwa.

SWALI: Shikamoo Wakili. Mimi ni mjane, ninaishi Ilemela. Mume wangu, aliyenioa kwa mahari kwa taratibu za Kisukuma, alifariki mwaka jana, akaniacha na watoto wanne, watatu wa kike na mmoja wa kiume. Tuna nyumba Buswelu, tuliyoijenga tukiwa pamoja wakati mimi nikiuza dagaa mwaloni Kirumba, na mitumbwi miwili ya dagaa yenye injini. Alikuwa pia na shamba la mpunga Magu, alilorithi kwa baba yake. Kikao cha ukoo kilimteua shemeji yangu kuwa msimamizi wa mirathi na Mahakama ya Mwanzo ikampitisha. Ameshauza mtumbwi mmoja. Anasema mjane harithi, na kwamba nikitaka kubaki katika nyumba ile nikubali kurithiwa na mmoja wa ndugu wa marehemu. Nilisikia mahakama ilikwishaifuta mila hiyo. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa msiba. Nitaanza na jambo ambalo hutapenda kulisikia, kwa sababu ukienda mahakamani ukiwa na tumaini lisilo sahihi utapoteza muda ambao huna. Kanuni ya mila inayosema kwamba mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe, iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, haijafutwa na mahakama yoyote ya Tanzania. Imeandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, na humo inaelezwa kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Kanuni hiyo ilikwisha kupingwa, na waliojitokeza kuipinga walitoka huku kwetu. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, waliofukuzwa na wakwe katika nyumba walizokuwa wakiishi na waume zao, walifungua shauri Mahakama Kuu wakisema kwamba kanuni hizo zinavunja ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Walipokata rufaa, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika nyaraka za Mahakama Kuu, bila kuigusa hoja yenyewe. Ndipo walipokwenda kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Tarehe 2 Machi 2015 kamati hiyo iliamua kwamba Tanzania imekiuka mkataba, ikaitaka serikali iwafidie wajane hao na irekebishe sheria za mila zinazowabagua wanawake katika mirathi. Bila shaka huo ndio uamuzi ulioufikia sikio lako. Ni uamuzi wenye uzito mkubwa na wakili wako anapaswa kuutaja, lakini haulifuti Tangazo namba 436, na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hafungwi nao moja kwa moja.

Mimi naamini Mahakama Kuu ilikosea mwaka 2006. Mahakama iliyopewa na Katiba mamlaka ya kupima sheria haiwezi kuona ubaguzi, ikautaja kwa jina lake, kisha ikauacha uendelee kwa kuwa ni wa siku nyingi. Na rufaa ya wajane waliofukuzwa pamoja na watoto wao haikupaswa kufia kwenye kosa la tarehe ambalo wao hawakuliandika.

Hata hivyo, mama, shauri lako lina njia nyingine, na nguvu zako zote ziwe huko. Kinachorithiwa ni mali ya marehemu peke yake. Mali yako wewe hairithiwi na mtu yeyote, kwa sababu wewe uko hai. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya hakimu lisiwe kama mjane anarithi au harithi. Liwe hili: katika nyumba ya Buswelu na mitumbwi miwili, sehemu ipi ilikuwa ya marehemu na ipi ni yako? Ukiliruhusu shauri lianzie kwenye urithi, umeshakubali bila kujua kwamba kila kitu kilikuwa cha mumeo.

Msingi wa hoja hii uliwekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha za mumewe ambazo Bi Hawa alikwisha kuzitumia vibaya zililingana na fungu lake, lakini kanuni aliyoiacha imewasaidia wanawake wengi baada yake. Ni kweli kwamba kifungu cha 114 kinazungumzia talaka na kutengana, hakizungumzii kifo, na shemeji yako akipata wakili mzuri atalisema hilo. Jibu lake ni kwamba mchango haupotei kwa sababu mmoja amefariki badala ya kutoa talaka, na kwamba itakuwa ajabu mwanamke aliyeishi na mumewe hadi kumzika awe na haki ndogo kuliko aliyeachwa.

Tena hali yako ni bora kuliko ya Bi Hawa, kwa kuwa ulikuwa na biashara. Ila Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya madai namba 102 ya mwaka 2018, ilikumbusha kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Kusanya basi kila ulichonacho: risiti za saruji na mabati, miamala ya simu uliyotuma kwa fundi, leseni ya uvuvi, kumbukumbu za BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo wenu zinazoonyesha nani aliyekuwa akisimamia mitumbwi na kulipa ushuru, na majina ya akina mama uliokuwa ukianika nao dagaa. Shahidi anayeweza kusema kwamba injini ya pili ilinunuliwa kwa fedha za mauzo yako ana thamani kuliko hotuba nzima ya wakili.

Shamba la Magu ni tofauti. Alilirithi, kwa hiyo halihesabiwi moja kwa moja kuwa mali mliyochuma pamoja, isipokuwa utaonyesha kwamba mliliendeleza kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, kwa mfano kwa kuchimba mifereji na kutengeneza majaruba. Hapo tegemeo lako kubwa ni watoto. Wote wanne ni warithi wa baba yao, wakiwamo mabinti, na iwapo wapo walio chini ya miaka 18, kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto manufaa ya haki kutokana na mali ya mzazi wake.

Yapo mambo mengine mawili katika barua yako ambayo hayahitaji mjadala mrefu. Madai kwamba ukubali kurithiwa yanakataliwa waziwazi na kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa, kinachosema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe, bila kujali mila yoyote, yuko huru kuishi atakako, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume mwingine yeyote amtakaye. Hakuna kikao cha ukoo kilicho juu ya kifungu hicho. La pili, shemeji yako ni msimamizi, si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili, na ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu, katika fomu namba tano na sita. Nenda Mahakama ya Mwanzo iliyomteua, uombe kuona jalada, uangalie kama fomu hizo zimo na kama mtumbwi uliouzwa umeandikwa. Ikiwa hazimo, au ameuza kwa manufaa yake, una sababu ya kuomba uteuzi wake utenguliwe, na wewe mwenyewe unaweza kuomba kuteuliwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo huzisaidia mahakama kuwajua warithi, lakini si sharti la kisheria, na kukosa kura ya wakwe hakukufungii mlango. Omba vilevile amri ya zuio, ili mtumbwi wa pili na nyumba visiuzwe wakati ombi lako linasikilizwa.

Mwisho, hukuniambia kama mlikuwa Wakristo na mliishije. Jambo hilo ni kubwa. Sheria inayotumika katika mirathi hutegemea mwenendo wa maisha ya marehemu na dini yake, si kabila peke yake. Ikithibitika kwamba aliishi maisha ya Kikristo ya mjini na kuiacha mila, mirathi yake inaweza kuongozwa na ile sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika nchini, na humo mjane mwenye watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Angekuwa Mwislamu, ungepata thumni, yaani moja ya nane. Hoja hii ikisimama, inagusa hata mamlaka ya Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Mweleze msaidizi wa kisheria au wakili jambo hili kabla ya mengine yote, kwa maana likikubaliwa, ile kanuni ya mwaka 1963 haikuhusu tena.

SWALI: Mimi ni binti wa Muleba, nafanya kazi Mwanza. Baba aliniachia kwa wosia kibanja chenye migomba na kahawa. Nataka kukiuza ili nimalize nyumba yangu, lakini baba mdogo anasema ardhi ya ukoo haiuzwi na mwanamke na kwamba atakwenda mahakamani. Nifanye nini?

JIBU: Binti, wilaya yako ndiyo ilikotoka hukumu inayojibu swali lako. Holaria Pastory alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yafutwe, kwa kuwa mila za Kihaya zilizoandikwa zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaipindua hukumu hiyo, na shauri likafika Mahakama Kuu hapa Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Tarehe 22 Februari 1990, miaka miwili hivi tangu haki za binadamu zilizomo katika Katiba zianze kudaiwa mahakamani, jaji huyo alitamka kwamba kanuni ile inabagua na haiwezi kusimama mbele ya Katiba, na kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Ukiisoma hukumu hii pamoja na ile ya mwaka 2006 niliyoieleza juu, utaona jinsi mahakama moja ilivyotazama mila kwa macho mawili. Mimi nasimama na Mwalusanya. Na bahati nzuri kwako, hukumu yake haikubaki peke yake, kwa sababu Bunge lilikuja nyuma yake: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 3, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, kifungu cha 20, inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo.

Usichanganye lakini haki ya kuuza na kutokuwajibika kwa ukoo. Jaji hakuifuta ardhi ya ukoo. Kanuni kwamba ndugu wa ukoo anaweza kuikomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni bila ridhaa yao, kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa, ilibaki, ila sasa inawahusu wanaume na wanawake kwa usawa. Kwa hiyo ningekushauri umwandikie baba mdogo barua, umtajie bei na umpe nafasi ya kununua kwanza, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Akikataa au akinyamaza, barua hiyo itakusaidia kuliko ugomvi. Na kwa kuwa ni ardhi ya kijiji, mauzo yapitie halmashauri ya kijiji.

SWALI: Ni mwalimu wa sekondari wilayani Kwimba. Mwanafunzi wangu wa miaka 16 anataka kuozeshwa, na baba yake ananiambia sheria inamruhusu. Si mahakama ilikwishasema miaka ni 18?

JIBU: Ilisema, mwalimu. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, huku mvulana akisubiri hadi 18, vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Kilichofuata ndicho kinachonitia uchungu. Mwaka mmoja ulipita bila Bunge kubadilisha vifungu hivyo, na mzazi akifungua kitabu cha sheria cha zamani bado anaviona, ndiyo maana huyo baba anazungumza kwa kujiamini. Lakini ibara ya 30(5) ya Katiba inasema sheria iliyopewa muda wa kurekebishwa huhesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au muda uishe, lolote litakalotangulia. Hata ukianza kuhesabu tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani, muda uliisha Oktoba 2020. Kwa usomaji wangu, ruhusa anayoitegemea mzazi huyo haina uhai tena.

Wewe huna haja ya kubishana naye juu ya Katiba. Binti ni mwanafunzi, na kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoingizwa mwaka 2016, kinamwadhibu anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kwa kifungo cha miaka 30, na wanaosaidia au kushawishi ndoa hiyo nao wana kosa. Toa taarifa leo kwa mkuu wa shule, ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Mahari isipokelewe kwanza, kwa maana ikishaliwa, baba atakuwa na deni la ng'ombe, na binti ndiye atakayelilipa.

SWALI: Niko Sengerema. Jirani amesogeza mpaka wa kiwanja changu. Baraza la Kata limenipa ushindi kwa maandishi, lakini yeye amekataa kutii, na mtendaji anasema uamuzi huo si hukumu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mtendaji yuko sahihi, ndugu yangu, kama uamuzi huo umetolewa baada ya marekebisho ya mwaka 2021. Kabla ya hapo Baraza la Kata liliweza kusikiliza na kuamua migogoro midogo ya ardhi. Sasa limebakiwa na kazi ya kupatanisha tu. Likishindwa, linatoa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitaupokea mgogoro wako wa umiliki, isipokuwa kama siku 30 zimepita tangu ulipofikisha lalamiko kata bila usuluhishi, hapo unaweza kwenda wilayani bila cheti.

Rudi basi kata ukaombe cheti badala ya kushikilia barua ya ushindi. Wilayani baraza lina mamlaka juu ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300, kwa hiyo kiwanja chako kinaenea. Usichelewe, kwa sababu dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12. Uamuzi wa baraza ukitoka na usiporidhika, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na siku ya kwanza kabisa omba nakala ya uamuzi na ya mwenendo wa shauri, uhifadhi barua ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa.